Jinsi ya Kumtibu Wifi Bila Kumwambia

Jumatatu, 4 Machi

Kaka ana kisonono. Nimeandika! Shuleni tuliusoma ugonjwa huu kwa Kiingereza nikapata alama zote, wala sikuona aibu. Kwa Kiingereza ni jibu la mtihani. Kwa Kiswahili ni kaka yangu.

Alinivuta nyuma ya banda lake la kutengenezea simu, akaniuliza kama najua kutunza siri. Nikamwambia mimi ni kaburi. Akasema tangu wiki iliyopita mkojo ulikuwa unamchoma kama pilipili, na usaha juu yake. Akameza vidonge alivyopewa na fundi wa banda la jirani. Havikusaidia kitu. Kliniki wakampima, wakamdunga sindano, wakamwambia asilale na mtu kwa siku saba na kwamba mwenzi wake naye lazima aje kupimwa. Wakampa karatasi ya kumpelekea. Haina jina la mtu wala la ugonjwa. Inasema tu fika chumba namba sita.

Harusi yake na Wifi ni baada ya wiki tatu.

Kaka anataka Wifi atibiwe. Hilo anataka kweli, machozi yalimlengalenga. Ila hataki Wifi ajue. Mfikishie karatasi, akasema, lakini usimwambie kitu. Nikifaulu, nitapata simu yenye kioo kisicho na ufa. Kazi ya akili hii! Amempata mwenyewe.

Jumanne, 5 Machi

Asubuhi nimechemsha taulo la Kaka. Kikombe chake pia. Choo nimekisugua mpaka Mama akauliza kama tunapata wageni.

Mchana nikaenda kwa Wifi. Ni fundi cherehani, na gauni la harusi anajishonea mwenyewe. Karatasi mfukoni, sentensi kichwani: Wifi, nimetumwa. Maneno mawili! Nikasimama mlangoni mpaka akaniuliza mbona nimeganda kama niko foleni ya hospitali. Nikasikia neno hospitali, ulimi ukafa. Nikasema nimekuja kuomba sindano.

Sindano! Kati ya maneno yote!

Akanipa ya kushonea, na uzi mweusi. Nimerudi nyumbani navyo.

Jumatano, 6 Machi

Mpango mpya. Vidonge vya jirani vimebaki sita. Vinasagwa, vinatiwa kwenye chai ya Wifi, anapona, anafunga ndoa, hajui lolote. Nilijipongeza kwa dakika nzima.

Kwa kuwa mimi ni msomi, kwanza nikapita kliniki kuuliza vipimo vya dawa. Nikamwambia muuguzi ni kwa ajili ya mjadala wa shule. Akaniangalia juu ya miwani. Akauliza mjadala huo una umri gani, na unatarajia kuoa lini.

Nikafungua daftari. Akaeleza hata hivyo. Kisonono hakipatikani chooni, wala kwenye taulo, wala kwenye kikombe (taulo la Kaka sasa limesinyaa, lingemfaa mtoto). Kinaambukizwa kwa kujamiiana, na mama anaweza kumwambukiza mtoto wakati wa kujifungua. Mwanamke mara nyingi hasikii chochote. Hachomwi, haumwi, anaendelea na shughuli zake, huku kinapanda hadi kwenye kizazi. Akikaa nacho, anaweza asipate mtoto kabisa. Na vidonge vya kubahatisha vinavifundisha vijidudu ukaidi tu.

Halafu akasema, mwanangu, mwambie huyo wa kwenye mjadala wako aje mwenyewe.

Nimetembea kurudi nyumbani. Kwenye droo ya Wifi kuna vitambaa vya nguo za mtoto atakayemzaa siku moja, vimeshakatwa. Alinionyesha mwezi uliopita. Vya manjano, kwa sababu bado hajui atakuwa wa kike au wa kiume.

Vidonge nimevitupa. Kesho namwambia. Uso kwa uso.

Alhamisi, 7 Machi

Sikumwambia. Nimebuni kitu bora zaidi!

Nimeandika barua kwa herufi kubwa: HONGERA BIBI HARUSI MTARAJIWA! UMECHAGULIWA KUPIMWA AFYA BURE, CHUMBA NAMBA SITA! Nikachora maua pembeni. Nikaibana pamoja na karatasi ya Kaka kwa pini. Jioni Wifi aliponipima kwa ajili ya gauni la msindikizaji, akaniambia nipumue, nimekauka kama ubao. Alipoinama kuandika kiuno changu, nikachomeka barua kwenye mikunjo ya gauni lake la harusi. Nikatoka mbio na futi yake ikiwa bado shingoni.

Ushindi! Hakuna aliyesema neno, na kila mtu atapona. Kaka ameniita jasusi.

Jumamosi, 9 Machi

Maafa.

Wifi amekuja mchana, akatukuta mimi na Kaka. Mama alikuwa sokoni, tumshukuru Mungu. Jana Wifi alikwenda kliniki. Aliiamini barua yangu! Alivaa gauni lake zuri, akapaka wanja, akamchukua na shoga yake wa duka la pili ampige picha akipokea huduma. Wakakaa kwenye benchi wakicheka. Chumba namba sita, muuguzi akamwomba shoga abaki nje, akafunga mlango, akamweleza. Wamempima, wamemkuta nacho. Hakuwa na dalili hata moja. Wamemdunga sindano, na muuguzi amemwambia amewahi.

Amewahi! Moyo wangu ulitaka kupiga makofi.

Kumbe hajamaliza. Akaiweka ile karatasi mezani, akagusa pembe yake kwa kidole. Kwa penseli, kwa mwandiko wa Kaka: 2/3.

Kaka akifungua simu huandika namba kwenye kila kipande ili kisipotee. Moja kati ya nane, mbili kati ya nane. Ni fundi makini, sifa zake zimeenea mtaani. Kumbe kliniki walimpa karatasi tatu, naye akazipanga kama skrubu. Mimi niliibeba siku tatu sikuiona. Nilikuwa nachora maua.

Wifi akasema yeye ni wa pili, sawa. Wa kwanza ni nani? Na wa tatu?

Kaka akasema ni namba ya foleni. Wifi akamgeuzia karatasi aisome mwenyewe. Kaka akakaa chini bila kiti kuwepo.

Harusi imesimama. Wifi amesema mpaka hao wawili wapate karatasi zao kutoka mkononi mwa Kaka, na maelezo kutoka mdomoni mwake. Baada ya hapo yeye atafikiria. Kufikiria tu, bwana, akamwambia Kaka, usinunue viatu.

Kisha akanigeukia. Nilitamani anitukane. Akasema, wifi yangu, ungekuja ukaniambia, ningelia kwangu, mlango umefungwa. Wewe umenipeleka nikapigwe picha.

Nimelia mpaka kamasi. Nimemwahidi kwamba kuanzia leo nasema mambo kwa mdomo, waziwazi, kama mtu mzima. Naandika ili iwe ushahidi.

Jumapili, 10 Machi

Kaka amepeleka karatasi moja. Amerudi shavu limevimba. Amesema ya mwisho atapeleka likipungua.

Akaniomba nimweleze Mama kwamba harusi imesimama. Nikasema hilo dogo, sasa mimi ni mtu wa kusema. Nikaingia jikoni kifua mbele. Mama akainua kichwa, akauliza, enhe? Nikasema nimekuja kuchukua chumvi.

Nimerudi chumbani nikafikiri sana, na naona kosa langu lilikuwa wapi. Lilikuwa maua. Barua rasmi haina maua. Hii ninayoandika sasa inatoka kwa mwenye ukumbi wa harusi, kwa mkono wa kushoto, bila pambo lolote: anasikitika kumjulisha Mama kwamba paa limeanguka, harusi imesimama. Kesho alfajiri naipenyeza chini ya mlango.

Mama akitaka kwenda kuliona hilo paa, nitabuni kitu.