Paa Lenye Masikio

Jumatatu, 4 Machi
Msimamizi wa ukumbi wa michezo anastaafu. Kiti ni changu! Nani mwingine? Ukumbi huu wa chuo, wenye paa la mviringo kama bakuli lililofunikwa, nimeufagia tangu saruji haijakauka. Kikwazo kimoja tu: shemeji, mume wa dada yangu, fundi umeme wa hapahapa. Naye ameomba. Atakayekosa anahamishiwa bustanini, na mimi na jua hatupatani. Mke wangu ameshawatangazia majirani.

Jumanne, 5 Machi
Maajabu! Nimeinama kona ya magharibi, nabandua chingamu ukutani, nikamsikia kocha ananiambia sikioni kwamba viatu vinambana. Nageuka, hayupo! Yuko kona ya mashariki, ng'ambo ya uwanja, ananung'unika peke yake. Sauti inapanda na paa, inazunguka, inashukia hapa nilipo. Na usaili utafanyika wapi? Kona ya mashariki, maana ofisi inapakwa rangi. Asante, Mungu! Shemeji ataanza. Nitasikia majibu yake, kisha nitayarudia kwa mbwembwe.

Alhamisi, 7 Machi
Nilijibanza konani na ndoo, najifanya napiga deki. Shemeji akaulizwa habari za usalama. Akajibu vizuri mno. Nikanung'unika kwamba mwongo mkubwa huyo, kwake taa ya choo haijawaka tangu harusi. Kule wote wakatazama paa. Nikadhani wanakagua taa.
Akaulizwa kwa nini wamchague. Akasema wakimpa yeye, basi wanibakize mimi niwe msaidizi, kwani hakuna anayeupenda ukumbi huu kama mimi. Paa likivuja nakuja na ndoo hata siku ya mapumziko. Halafu nikipelekwa bustanini, dada yangu hatampa amani nyumbani.
Nililia. Kwa sauti! Nikasema shemeji wangu wee, nisamehe, nilitaka kukuibia majibu.
Mwenyekiti wa jopo akanijibu sikioni, kwa upole, kwamba wamesikia yote, na nikishajifuta machozi niende, zamu yangu imefika.

Ijumaa, 8 Machi
Shemeji kapata. Mimi msaidizi! Nimebaki kivulini. Nimemshukuru mpaka akaomba nimwachie mkono wake. Dada kacheka hadi kakaa chini. Nilitaka kuwazunguka, wao wakanibeba. Nina bahati kuliko akili, na nashukuru kwa dhati.

Jumatatu, 11 Machi
Namwandalia shemeji sherehe ya kushtukiza. Shukrani ya kweli! Katikati ya sherehe nitamshawishi aombe kazi makao makuu, apande cheo, kiti kibaki wazi. Wote tutafaidika. Nimempigia mke wangu simu nikamweleza mpango mzima, kwa kunong'ona, nikiwa kona ya magharibi. Safari hii nimejifunza: nimeugeukia ukuta. Hapakuwa na mtu karibu. Shemeji mwenyewe alikuwa kule kona ya mashariki, juu ya ngazi, anafunga balbu na kucheka peke yake. Cheo kimempa furaha, maskini. Nimefurahi kwa niaba yake.