Makumbusho ya Miaka ya Ishirini Yazinduliwa Riverdale Park

Mheshimiwa Afisa wa Ubalozi uliyetuma udhuru, Waheshimiwa Wachungaji na Mashehe, Manesi wa zamu zote, wanafunzi wa Annandale, nanyi mliocheleweshwa na foleni ya magari ya barabara ya Beltway huku ughaibuni: mimi Zefania, Mwenyekiti wa Maisha wa Kamati ya Makumbusho ya Miaka ya Ishirini, nawasalimu. (Makofi ya watu watatu, wote wajumbe wa kamati.)

Mtakumbuka kwamba mwaka tisini na nne, katika ukumbi huuhuu wa kanisa, niliahidi kuwaonyesha watoto wetu, hawa mnaowasemesha Kiswahili wakawajibu "whatever", jinsi dunia ilivyokuwa babu zao walipokuwa vijana, na leo, baada ya vikao sitini na mbili na feasibility study tatu, natamka bila kigugumizi kuwa implementation imefikia asilimia themanini na saba! Mwaka ishirini na saba rubani mmoja alivuka Atlantiki peke yake, saa thelathini na tatu, bila kutua. Kamati yangu iko hewani mwaka wa nne haijatua. Nani zaidi? (Mtu: "Shukeni basi!")

Kitengo cha Penisilini: dawa hii iligunduliwa mwaka ishirini na nane kwenye kisahani cha maabara kilichoota ukungu, nasi, kwa methodology hiyohiyo, tuliacha sahani kumi na nne za pilau jikoni humu wiki tatu, ukungu ukaanza kuota vizuri kabisa, mpaka adui wa sayansi akaziosha. (Nesi Violet: "Niliziosha mimi, na nitaziosha tena!" Vicheko.) Kitengo cha Mkate Uliokatwa kwa Mashine, uvumbuzi wa mwaka huohuo, kilikamilika chote, kikanywewa chai kikaoni. Kitengo cha Televisheni kiko sebuleni kwangu Falls Church, chini ya uangalizi wangu binafsi, hasa siku za mpira.

(Waringa, mhudumu wa wazee, anasimama: "Mwenyekiti, kipande cha baba kiko wapi? Ulikiazima kwa maonyesho, ukanirudishia kikebe kitupu. Jumanne nasafiri nyumbani kumwona. Mzee yuko kitandani, na kila nikipiga simu anakiuliza.")

Swali zuri sana. Kwa faida ya vijana, kipande ni hati ya mkoloni, ambayo Mwafrika wa Kenya alitembea nayo shingoni ndani ya kikebe, asikamatwe. Dada Waringa, tulia kabisa. Hati ya mzee iko kwenye archives, katika mikono salama. Nikiendelea na ukurasa wangu wa mwisho, naomba nisisitize (anageuza karatasi) kwamba: jina, Ndirangu; kazi, kutunza farasi; mwajiri hana malalamiko; alama za vidole, kumi.

(Anaigeuza karatasi tena, anaitazama pande zote mbili.)

Aa. Karatasi ziliniishia, ndugu zangu, nikaandikia mgongoni mwa hii.

(Waringa anakuja mbele. Anaichukua hati kwa mikono miwili, anapuliza wino wa Mwenyekiti kana kwamba utatoka, kisha anaikunja taratibu na kuirudisha kikebeni. "Shame on you, Mzee Zefania," anasema.)

Makumbusho oyee! (Hakuna anayeitikia.) Historia oyee! (Mtoto mmoja: "Mom, can we go?")

Basi, nawashukuru wote. Kwa namna ya pekee namshukuru Dada Waringa, maana jengo hatukupata, makabati hatukuagiza, na kitu cha kuonyesha hatukuwahi kuwa nacho kingine. Nilikuwa na mengi zaidi ya kusema, lakini hotuba yangu ndiyo hiyo inatoka naye mlangoni.