Dawa ya Kustaafisha Seli

Kwa watu wa aina ya Profesa, fursa haibishi hodi. Hupita uani imevaa ndala, imeshika kopo la maji, inakwenda chooni mara ya tatu kabla chai haijachemka.

Asubuhi hiyo fursa ilikuwa Mwenye Nyumba, mzee mwenye vyumba vya kupangisha na roho ya kutaka vingine. Profesa, mpangaji wake wa chumba cha nyuma, alimtazama kwa jicho la fisi aliyeona mbuzi anachechemea. Yeye mwenyewe alikuwa amesimama akingoja choo hichohicho, kwa mara ya tatu vilevile, ila safari zake aliisingizia chai ya usiku.

Uprofesa wake, tusidanganyane, hakuupata darasani. Aliwahi kusukuma vitanda hospitalini, akatoka huko na koti jeupe, ujuzi wa kutoa damu, na mhadhara mmoja alioudaka akiwa mlangoni. Mhadhara ulihusu saratani ya tezi dume, naye aliuhifadhi kama kasuku.

"Shikamoo mzee. Naona mkojo unakusumbua."

"Marahaba," alijibu Mwenye Nyumba, akaangalia pembeni. Kipimo cha damu kilikuwa kimeonyesha namba yake ya tezi dume imepanda kidogo, na daktari alimtaka arudi achunguzwe. Hakurudi. Alikuwa amesikia habari za kidole cha daktari, na kwa heshima ya umri wake akaona bora lawama kuliko fedheha.

"Tatizo ni seli," Profesa alisema, akishusha sauti. "Kuna seli zimezeeka, mzee. Kazi hazifanyi, kufa hazitaki. Zimekaa tu zinanung'unika, na manung'uniko yao yanawachochea majirani waharibike. Mstaafu aliyegoma kutoka ofisini, unamjua?"

"Namjua. Sasa kinga ya mwili inafanya nini?"

"Ndiyo askari wa kuzitoa. Lakini askari nao wamezeeka, wanasinzia langoni. Saratani inapita na kuwaachia salamu."

Cha kusikitisha ni kwamba yote hayo yalikuwa karibu na ukweli. Uongo ulianzia kwenye chupa aliyomuuzia. Humo mlikuwa na maji, tangawizi na sukari iliyounguzwa, na Profesa aliita mchanganyiko huo Dawa ya Kustaafisha Seli.

Mwenye Nyumba hakuwa mjinga. Alikuwa na tamaa, ugonjwa ambao hata Profesa hakuwa na dawa yake. Alipokunywa kwa siku chache alianza kuwafikiria wanaume wote wa mtaa wanaoamka usiku kukojoa, akaona soko. Akatoa pendekezo: Profesa apewe bure chumba cha mbele kinachotazama barabara, naye Mwenye Nyumba awe muuzaji pekee. Ila kwanza apate ushahidi. Damu ipimwe upya, namba ishuke.

Chumba kile Profesa alikuwa akikiota tangu ahamie. Akavaa koti, akamtoa mzee damu palepale sebuleni huku mzee amefumba macho na mkewe amemshika bega. Njiani akaimwaga mtaroni. Alipofika kwenye maabara ya mtaani akaandikisha jina la Mwenye Nyumba, akakunja mkono wa shati lake mwenyewe, akatolewa damu. Mwanamume wa miaka hamsini asiye na kitambi, alijiambia, damu yake ni safi kama maji ya kisima.

Alijiamini kiasi kwamba majibu aliyakabidhi bahasha ikiwa bado imefungwa. Mke wa mzee ndiye aliyeisoma, maana mumewe miwani yake ilikuwa haionekani. Namba ilikuwa imepaa, na mtu wa maabara alikuwa ameipigia mstari mwekundu.

Mzee akakaa chini. Mkewe hakukaa, alimvuta mumewe mkono, kidole au si kidole, wakaenda hospitali kubwa mchana uleule.

Profesa akabaki uani. Kwanza alikililia chumba cha mbele. Kisha akakumbuka damu ile ilikuwa ya nani, akakumbuka na zile safari za chai. Aliogopa kufa, tena aliogopa kama mtoto.

Mwenye Nyumba alirudi siku chache baadaye akiwa anang'aa. Damu yake halisi ilikuwa imepimwa na kidole kimepita: hakuna saratani, tezi imetanuka tu kwa uzee. Hapo ndipo Profesa, pengine kwa mara ya kwanza maishani, alisema ukweli bila kulazimishwa.

"Mzee, ile damu ya mstari mwekundu ilikuwa yangu. Dawa yenyewe ni tangawizi."

Mwenye Nyumba akamtazama kwa huruma. Alieleza kwamba namba ilipanda kwa sababu seli zilikuwa zinatoka zote kwa mkupuo, kisha ikashuka zilipokwisha. "Usinionee wivu kwa kupona kwangu, mwanangu," alisema. "Kapime na wewe."

Alipima. Daktari alimwambia saratani ipo, lakini bado imo ndani ya tezi, na kwa kuwa amewahi, inatibika. Akaanza kumweleza jinsi seli zilizozeeka zinavyokataa kufa na kuchochea jirani zao, na jinsi kinga inavyochoka. Profesa alimmalizia sentensi moja baada ya nyingine, mpaka daktari akamuuliza kama amesomea udaktari.

"Nimeufundisha," alijibu kinyonge.

Siku ya kuanza matibabu aliketi kwenye benchi la korido ya hospitali. Mwenye Nyumba akaja kumjulia hali, amevaa lile koti jeupe la Profesa, alilolichukua chumba cha nyuma pamoja na chupa zilizobaki. Akaketi, akatoa chupa, akaanza mhadhara. Aliusema vizuri kuliko Profesa alivyowahi, kwa sababu mwongo hujikwaa mahali, lakini mzee huyu aliamini kila neno. Wastaafu waliogoma, askari waliosinzia langoni, na yeye mwenyewe ushahidi unaotembea.

"Kunywa hii pamoja na za daktari," alisema. "Bei ya kindugu."

Profesa alijua kila tone la chupa ile. Tangawizi aliikuna kwa mkono wake. Akafungua mdomo amwambie mzee aache kudanganya wagonjwa, akagundua kwamba mkono wake wa kulia ulikuwa umeshaingia mfukoni kutafuta pesa.