Nyumba Yenye Wapangaji Tayari

Msimu wa korosho ukifungwa, Kilwa Masoko hujaa watu wa vijijini wenye hela mpya na ndoto kongwe: kila mmoja anataka aitwe baba mwenye nyumba. Haruna aliiona fursa hiyo kabla ya wengine, kwa kuwa ndoto yenyewe alikuwa nayo tayari na ilikuwa ikimtafuna. Alikuwa ameuza mikorosho yote ya urithi, akanunua nyumba nyuma ya soko, vyumba sita na korido katikati, bila kufika uani. Uani ndiko kilikokuwa choo, yaani lile shimo lililokuwa choo kabla ya masika, sasa limebaki na kuta na mlango tu. Hakuna mpangaji aliyerudi mle baada ya kuonyeshwa uani. Na aliyenunua mikorosho alikuwa ameshatuma salamu: kama Haruna anaitaka tena, arudishe hela upesi, au anaikata mkaa.

Mtu mwingine angejenga choo. Haruna akawa mshauri.

Alishona kaunda suti, akaketi mgahawani karibu na stendi, akaanza kuwafundisha wageni uwekezaji wa nyumba za kupangisha. Na tusimwonee, mafundisho yake yalikuwa safi. Kagua paa siku ya mvua. Choo kwanza, sebule baadaye. Usile kodi yote, weka akiba ya bati na bomba. Uliza majirani. Hakuna anayelijua somo kama yule aliyelifeli.

"Na siri kubwa, mama," alimwambia Bi Mastura, mkulima wa Kikole aliyekuja na kanga mpya na pochi iliyonona, "usinunue nyumba tupu. Nyumba tupu ni mke asiyepika."

"Na mume asiyeleta unga, ni nyumba gani hiyo?"

"Hiyo ni gofu, mama. Ya kutazamwa na watalii."

Bi Mastura akacheka mpaka akajifuta macho. Mjinga akicheka, alijisemea Haruna, pochi imeshalegea. "Nunua yenye wapangaji tayari," akamalizia. "Kwa bahati, ninayo moja."

Wapangaji aliwapata jioni ileile. Mmoja alikuwa kapera wa bodaboda. Mwingine alikuwa Warda, muuza bagia, ambaye mumewe Ismaili, fundi wa kuezeka, alikuwa kazini Mtwara.

"Kazi yenyewe nini?" Warda aliuliza.

"Kuishi."

"Kuishi tu?"

"Kuishi mbele za watu. Anika nguo, washa jiko. Kuna mama wa Kikole anakuja kununua, kanga mpya, maneno mengi. Akikuuliza, unalipa kodi kila mwezi na mwenye nyumba ni mtu wa heshima."

"Hilo la heshima, kaka, utaliongezea hela."

Siku ya ukaguzi Bi Mastura alifika na mwenyekiti wa mtaa, Mzee Abdulwahab. Alisifu korido, akasifu nguo kambani. Kila alipoelekea uani, kikohozi kilitoka chooni, maana kapera alikuwa akifanya kazi aliyokodiwa.

"Huyo mtu ana tumbo gani?" aliuliza mara ya tatu.

"La kudumu, mama."

Bi Mastura akamgeukia Warda, kisha mwenyekiti. "Mimi mshamba. Naomba mzee asikie. Huyu binti ni mpangaji kweli?"

"Wallahi, mama," Haruna akajibu, mkono kifuani. "Mwaka wa pili huu. Hapa ndipo kwake, pengine hana."

Mzee Abdulwahab akaitikia kwa kichwa. Bi Mastura akaahidi kuleta hela kesho.

Kesho ikaja na kilio. Simu imetoka Mtwara: Ismaili kaanguka kwenye paa, kafa, na wameshamzika. Jua halijapanda, turubai lilikuwa limefungwa, korido imejaa kina mama, na Warda kajifunika kanga gubigubi chumba cha kwanza.

Haruna akamvuta mwenyekiti pembeni. "Mzee, huyu si arudi kwao?"

"Mjane hukaa eda katika nyumba aliyokuwa akiishi habari ilipomfika. Miezi minne na siku kumi. Wewe hukusoma chuoni?"

"Nilisoma, mzee, lakini..."

"Lakini nini? Haishi hapa? Jana uliapa."

Haruna akapiga hesabu. Akikana, kaapa uongo mbele ya mwenyekiti. Akikubali, nyumba imeingia eda pamoja na mjane. Mama mmoja akampitia na sufuria: "Mwenye nyumba, mchele haujafika." Mwingine akamfuata: "Na ufunguo wa choo?"

Bi Mastura alikuta mambo hivyo. Akatoa pole, akaketi, akahema. "Uliniambia ninunue nyumba yenye mpangaji anayelipa. Sasa mjane nani atamdai?"

"Eda huisha, mama."

"Na waombolezaji? Wakikiona choo, mwanangu, Kikole watajua kabla sijafika." Akaishusha sauti. "Nitaichukua na mjane wake, kwa thawabu. Nusu bei."

Nusu isingekomboa hata mkorosho mmoja wa ukingoni. Lakini yule mama wa ufunguo alikuwa anarudi. Alasiri ileile wakaandikishana mbele ya Mzee Abdulwahab, na Haruna akaushukuru ukarimu wa mnunuzi.

Wiki iliyofuata alipita tena nyuma ya soko. Uani fundi alikuwa anajenga choo kipya, na juu ya paa marehemu Ismaili alikuwa anapigilia bati. Warda alikuwa barazani anakaanga bagia.

"Mumeo si alizikwa?"

"Watu wa simu, kaka. Husema lolote."

"Na eda?"

"Eda ya mume aliye hai? Isome dini yako." Akaita ndani, "Mama mkubwa, mgeni wako."

Bi Mastura akachungulia koridoni. "Karibu, mwanangu. Siku uliyomwajiri mtoto wa mdogo wangu, alinipigia simu kabla hujafika kwako."

Haruna akamfikiria mwenyekiti. Angemweleza nini? Kwamba mpangaji hakuwa mpangaji?

"Ndugu," marehemu akaita kutoka juu, "nishikie ngazi, inateleza."

Mkulima mmoja mwenye hela mpya alikuwa anapita. "Shikamoo, mshauri. Hii nyumba yako?"

Haruna akaishika ngazi kwa mikono miwili. "Marahaba," akasema. "Naisimamia."