Ndege Watazame Nje

Jumatatu, tarehe 4 Agosti

Naapa kuandika yote, hata yale yatakayonifanya nifunike uso nikiyasoma uzeeni. Mwalimu wetu wa Kiswahili alisema shajara ikidanganywa hulipiza kisasi. Sitaki kisasi. Nina kazi nyingi wiki hii.

Habari kubwa: nimekabidhiwa mapazia ya sebuleni! Mimi! Mama ni mkunga, na wiki hii anashinda kazini, kwa hiyo amesema nishughulike mwenyewe, kuanzia kuchagua hadi kutundika. Ya zamani yamepauka mpaka rangi yake imekuwa ubishi. Baba anasema yalikuwa ya buluu. Mama anasema hayajawahi kuwa ya buluu tangu yazaliwe. Sasa tunataka yale ya kitambaa yanayovutwa kwa kamba, yakapanda juu yakijikunja mikunjo mikunjo.

Masharti matatu. Kwanza, jua la saa kumi lisipige televisheni, maana Baba hutazama mpira akiwa amejifunika taulo, yeye na televisheni pamoja. Pili, kitambaa kipatane na kochi. Tatu, vituko marufuku. Hili la tatu Mama alilisema mara mbili, akinitazama juu ya miwani. Ni kwa sababu ya mwaka jana, nilipoaminiwa kupaka rangi mlango wa jikoni nikaufunga kabla haujakauka. Siku mbili tulipokea chakula dirishani. Yaliyopita si ndwele!

Nikifaulu, stoo itatolewa makopo na baiskeli mbovu, na kuwa chumba changu. CHANGU. Kwa sasa nalala kitanda kimoja na mdogo wangu, kitinda mimba wa nyumba hii, mwenye miaka sita na mateke ya punda. Leo nimeamka na alama ya kisigino mgongoni, safi kama muhuri wa posta.

Jumanne, tarehe 5 Agosti

Dukani kwa fundi wa mapazia. Mabunda ya vitambaa hadi darini. Fundi huongea huku amebana pini midomoni, na hajawahi kumeza hata moja. Nikamwamkia, akaniitikia, pini zikatikisika.

Akaniuliza vipimo. Nikamwambia kwa fahari nimepima upana wa dirisha mara moja, kwa makini. Akacheka kwa pembe ya mdomo. Eti dirisha ni mwongo: juu linasema hivi, katikati linasema vingine, chini linakana yote. Nirudi nikapime sehemu tatu, nichukue kipimo kidogo kuliko vyote. Nikarudi mbio. Kweli! Dirisha letu ni kombo kwa kidole kizima na hakuna aliyewahi kutuambia.

Kwa kuwa ni pana, Fundi alishauri tutundike mapazia mawili, bega kwa bega. Kisha akaniazima vipande vitatu vikubwa kama taulo: cha kijivu, cha buluu iliyoiva, na cha kijani chenye ndege wa manjano. Akaniasa nisichague dukani. Kitambaa ni kama mgeni, kikae kwanza nyumbani asubuhi, mchana na jioni, ndipo utajua tabia yake.

Mimi nilishajua. Ndege! Lakini niliweka uso wa mtu anayefikiri.

Jumatano, tarehe 6 Agosti

Nimebana vipande vyote dirishani. Kitinda amevionja kwa ulimi, akasema cha kijivu kina chumvi. Saa kumi Baba akaja kupima jua. Cha buluu kiligeuza sebule kuwa handaki. Cha kijivu kilimgeuza Baba kuwa mgonjwa. Cha ndege kikamwacha kama alivyo, na televisheni ikaonekana hadi jasho la golikipa. Mama akarudi jioni viatu mkononi, akakishika cha ndege, akasema siku nzima anatazama kuta nyeupe za wodi, angalau nyumbani kuwe na kitu kinachoruka. Kimepita! Kwa haki tupu, bila hila hata moja. Nilijisikia mgeni kwangu mwenyewe.

Sasa lazima nimtaje Namba Moja.

Namba Moja anakaa nyumba inayotazamana na yetu, ng'ambo ya barabara. Ni wa kwanza darasani tangu tulipojifunza a, e, i, o, u. Mimi ni wa pili, daima kwa alama mbili, kama vile tuliandikiana mkataba. Muhula uliopita walitundika mapazia kama tunayoyataka sisi, naye akatangaza darasa zima kuwa amechagua mwenyewe, yana maua ya dhahabu. Hakuna aliyeyaona. Hajawahi kumwalika mtu. Likizo hii nimempungia mkono dirishani mara moja. Akageuka nyuma kuona nampungia nani.

Basi nikatoka barabarani kuona ndege wetu wataonekanaje kwake. Sikuona ndege! Niliona upande wa nyuma, hafifu kama nguo iliyofuliwa kwa hasira. Nikakimbia kwa Fundi. Akasema kwanza hata hayo sitayaona, kwa sababu nyuma atashonea bitana nyeupe ya kuzuia jua. Pazia humtazama aliyelinunua. Mpita njia anahusika nini na ndege wenu?

Anahusika sana! Lakini sikumwambia.

Alhamisi, tarehe 7 Agosti

Sikulala. Nusu mawazo, nusu mateke.

Mapazia ni mawili. Familia inataka ndege ndani. Mimi nahitaji ndege nje. Mbili gawanya kwa mbili ni moja. Haki gani tena inazidi hiyo?

Nikapeleka oda. Mama alikuwa ameiandika kwa mwandiko wake wa hospitali, ambao Fundi aliugeuza juu chini kabla ya kuusoma. Chini yake nikaongeza kwa mwandiko wangu bora: "La kushoto, ndege watazame ndani. La kulia, ndege watazame nje." Fundi akatoa pini zote mdomoni. Hajawahi kuzitoa kwa ajili ya mtu. Akauliza kama mama yangu anajua. Nikajibu kuwa Mama ameniachia kila kitu.

Si uongo huo. Ni ukweli uliovaa kofia.

Akanikazia macho, akasema haya mwanangu, mteja ni mfalme, ila wafalme wengine mh! Atamaliza Jumamosi asubuhi. Mpango wangu: la kulia nitalitundika mwenyewe kimyakimya, Namba Moja ataona ndege, atashangaa, na ndani nitasema upande ule mweupe ndio mtindo mpya.

Jumamosi, tarehe 9 Agosti

Ole wangu. Naandika yote, niliapa.

Baba hakwenda popote leo. Alitoa drili. Nilijitolea kutundika peke yangu, akaniambia mtoto na umeme ni moto na pamba. Baba hasomi maelekezo. Husema maelekezo ni ya watu wasiojiamini.

La kushoto likapanda. Ndege! Kitinda akapiga makofi. Likapanda la kulia. Jeupe pe! Baba akarudi nyuma hatua mbili, akainamisha kichwa, akainamisha upande wa pili. Akasema amelifunga kinyume.

Nikamwokotea skrubu.

Akalishusha, akaligeuza. Sasa ndege walikuwa ndani, lakini vipete vinavyopitisha kamba vimewakaa vifuani, na mkia wa kamba wa kuvutia uko upande wa kioo. Kulivuta ikabidi aingize kichwa na bega nyuma ya pazia, kama mpiga picha wa zamani. Sauti ikatoka humo ikisema hapana, hii si sawa. Akalishusha. Akalirudisha. Jeupe. Akalishusha. Mara nne! Kila mara nilijiambia akilishusha tena nitasema. Badala yake nilimletea maji. Glasi nne. Kitinda akauliza kwa sauti kubwa kwa nini dada anatoka jasho wakati anayefanya kazi ni Baba.

Hodi mlangoni. Namba Moja! Kwetu! Gauni limepigwa pasi hadi mikunjo inakata. Akaamkia vizuri, akaeleza kuwa ameona pazia letu likipanda na kushuka mara nne, akadhani tunampa ishara. Amejibu kwa la kwao mara tano bila kujibiwa, ndipo akaja kuangalia kama tuko salama.

Kisha akatazama dirisha. Sekunde mbili, si zaidi. Akasema, samahani Baba, hili la kulia halijafungwa kinyume, limeshonwa kinyume.

Ndiyo maana ni wa kwanza darasani.

Baba akafuta vumbi la ukuta kwenye nyusi. Akamwambia hapana mwanangu, fundi yule hakosei, ni mimi nimekosea, macho yangu si ya jana. Baba yangu! Hajawahi kukubali kosa, hata la yai kupasuka kwenye sufuria, na kosa la kwanza analolikubali maishani ni langu. Na hapo hapo Mama akaingia kutoka zamu.

Nilisema yote kwa pumzi moja. Oda, mwandiko, gawanya kwa mbili, kofia ya ukweli. Nikaona stoo ikiondoka na baiskeli yake mbovu.

Mama akaketi juu ya sanduku la drili. Akaniuliza taratibu, hao ndege wa nje walikuwa wamtazame nani? Nikamwonyesha Namba Moja kwa kidole. Namba Moja akageuka nyuma kuona naonyesha nani.

Mama akaanza kucheka. Alicheka mpaka akavua miwani. Baba akajaribu kukasirika, akashindwa njiani. Kitinda akacheka bila kujua sababu, na Namba Moja, aliyepata mia ya hisabati, alikuwa wa mwisho kuelewa.

Lakini hukumu ni hukumu. Nitakwenda kwa Fundi kufumua pazia lile na kulishona upya kwa mkono wangu. Na stoo itabaki stoo. Mama alisema hivyo huku bado anafuta machozi ya kicheko, jambo ambalo linauma zaidi.

Jumatatu, tarehe 11 Agosti

Vipete thelathini na sita. Kufumua kimoja ni dakika mbili. Kukirudisha ni dakika sita na damu kidogo.

Namba Moja alikuja kunisaidia! Hakuombwa. Alisema lawama nusu ni yake kwa kuwa na dirisha. Nikamuuliza kuhusu siku ile niliyompungia mkono. Akaniambia hakuna mtu aliyewahi kumpungia kutoka nyumba yetu, na alipogeuka akakuta hakuna mtu nyuma yake, alidhani nafukuza nzi.

Kushona hawezi kabisa! Kipete cha kwanza alikishonea kwenye gauni lake mwenyewe, akainuka nacho, pazia likamfuata. Fundi alicheka akadondosha pini zote. Namba Moja akasema kwa mshangao kuwa hii ni mara yake ya kwanza kuwa wa mwisho, na si mbaya kama alivyodhani.

Jioni akanialika kwao. Maua ya dhahabu yapo. Ni madogo kama punje za mtama. Nilisema ni mazuri, na kwa karibu kabisa, pua ikigusa, kweli ni mazuri.

Tumekubaliana ishara. Pazia likipanda nusu: njoo. Likipanda na kushuka mara mbili: siwezi, naosha vyombo.

Jumanne, tarehe 12 Agosti

Ndege wote ndani! Baba ametazama mpira bila taulo na kusema alikuwa hajui uwanja ni mkubwa vile. Kila mara mmoja wetu anavuta kamba bila sababu, kwa raha tu.

Kisha wakati wa chakula Kitinda akasimama kwenye kiti. Ana shitaka. Eti mwaka mzima hajalala vizuri. Eti dada anampiga mateke! Mimi! Akapandisha suruali. Alama tatu kwenye muundi. Mama, ambaye kazi yake ni kukagua watoto, akaagiza nilete kisigino. Kikalingana.

Baba akakohoa ndani ya glasi. Mama akatangaza kuwa hukumu yangu haijafutwa, ila amemhurumia mtoto asiye na hatia. Kesho stoo inaondolewa makopo.

Nina chumba! Sijali nimekipataje! Nimemwonyesha Namba Moja ishara ya nusu, nayo ikajibiwa kabla sijaachia kamba.

Chumba kina dirisha dogo. Nimelipima juu, katikati na chini, maana nimekua. Linatazama ukuta wa nyuma, na juu ya ukuta hukaa paka mmoja. Fundi alinipa bure kipande kilichobaki cha ndege, na masharti ya Mama, nikikumbuka vizuri, yalihusu sebule peke yake.

Sasa, Shajara, nisaidie. Nikikunja kipande kile katikati na kushona ndege pande zote mbili, ndani wamtazame mwenye chumba na nje wamtazame paka, hicho nacho kitahesabika kuwa kituko? Nijibu kabla Mama hajaamka. Nimekuachia mistari mitatu hapa chini.