Amani ya Kipande cha Rita

Jumamosi, 5 Julai
Vita shambani! Mzee Kulwant, Singasinga mzaliwa wa Kisumu, ameruhusu maboga yake yatambae hadi kipande cha Rita, kilicho kati yetu wawili kwenye vishamba vya kukodi pale Saltley. Rita yuko Eldoret, amemzika shangazi yake. Aliniachia ulinzi. Mzee anasema boga halijui mpaka. Likimaliza kwa Rita, litakuja kwa sukuma wiki yangu! Sitakaa kimya.

Jumapili, 6 Julai
Nimemwalika Mzee chai. Mazungumzo mazito! Tumeafikiana: achukue nusu ya kipande cha Rita, naye asidai tena hata shubiri moja. Ametia saini kabla chai haijapoa. Muungwana!

Nimesimama kwenye ngazi za jumba letu hapa Ladywood, nikapeperusha karatasi, nikatangaza amani kwa zama zetu. Mke wangu Edah akacheka. Eti waziri mkuu mmoja wa Kiingereza, mzaliwa wa mji huu huu, alitamka hayo hayo mwaka 1938, karatasi mkononi, baada ya kugawa ardhi ya watu ambao hawakuitwa kikaoni. Mwaka haukuisha, vita vikaja. Nikamwambia yule hakuwa mkulima.

Jumatano, 9 Julai
Maboga yamevuka! Nimemwonyesha Mzee saini yake. Akasema karatasi inamfunga yeye, haiyafungi maboga. Hoja ngumu. Nimempa nusu iliyobaki. Sasa ameshiba, hana pa kwenda.

Ijumaa, 11 Julai
Rita amerudi. Akauliza maharagwe yake yako wapi. Nikampa karatasi. Akaisoma mara mbili.

"Kaka Kimani, mbona jina langu halimo?"

Nikamweleza kwamba mtu aliye msibani hasumbuliwi. Alipiga magoti akaanza kung'oa maboga kwa mikono, huku analia. Mzee Kulwant akaona haya. Akaja na jembe, akamwomba msamaha, akasema alidhani Rita mwenyewe ameridhia. Wakang'oa pamoja. Dakika ishirini tu, mpaka ukarudi ulipokuwa. Hakuna aliyetia saini popote! Sasa wanakunywa maji kwenye chupa moja na kunitazama.

Hatari kubwa. Wameungana! Lazima niwatulize mapema. Edah ana tuta la dania kando ya uzio, zuri sana. Kesho yuko zamu hospitalini mchana kutwa. Nimeshaandika mkataba.