Kibuyu cha Juu na Kibuyu cha Bondeni

Jumapili, 4 Juni 1911. Pentekoste.

Nimechoka. Dominiko anaota jino na hajanipa usingizi wiki nzima. Misani nilisinzia mpaka dada Kristina akanifinya. Alifinya kwa raha, nilimwona.

Baada ya misa mjomba Andrea akatuita. Yeye ndiye mkubwa wa lukolo letu. Ardhi ya ukoo huigawa yeye. Akasema kile kibonde cha kando ya mto, chenye udongo mweusi na maji mwaka mzima, kimelala bure. Wanaokitaka ni wawili: mimi, na Kristina mtoto wa mama mkubwa. Basi kila mtu achukue upande wake, aanze kupandisha matuta ya kabichi. Jumapili ijayo atashuka kutazama. Atakayemfurahisha anachukua kibonde chote.

Kabichi! Wazungu wa mjini Morogoro wanazila kama mbuzi. Nikipata kibonde, Benedikto wangu hana haja tena ya kubeba mataruma ya reli huko mbele ya Kilosa. Atarudi. Mtoto atamjua baba yake.

Kristina akasema, kwa sauti ya huruma, kwamba watoto wake yeye ni wakubwa, lakini mdogo wake huyu, Yuliana, na kichanga mgongoni, maskini. Nikasema asante dada. Moyoni nilisema jingine.

Jumatatu, 5 Juni

Nimelima na Dominiko mgongoni. Nikiinama, analia. Nikisimama, anacheka. Jembe halilimi mtu akiwa amesimama. Nusu tuta tu! Matuta ya Kristina yamejipanga kama mabenchi ya kanisani.

Nimwache nyumbani kwa Bibi? Bibi Mwaisha, mama yake mjomba, anakaa kwangu. Macho anayo, masikio anayo, akili kuliko sisi wote. Miguu ndiyo imekataa. Hajashuka bondeni tangu kabla sijaolewa. Mtoto atamtazama vizuri kabisa, lakini mtoto akitaka ziwa ataniitaje? Sauti yake haifiki banda la kuku, na mlima umesimama kama ukuta.

Jioni Bibi anaponda ugoro wake. Mimi nimeegemeza kichwa kwenye nguzo, hoi. Nikasikia tu, tu, tu, ndani ya nguzo! Nikatoa sikio: mlio mdogo. Nikalirudisha: mkubwa. Kumbe sauti hutembea ndani ya mti. Na ndani ya kamba, je?

Bibi akauliza kwa nini naibusu nguzo.

Jumanne, 6 Juni

Sikulima. Nilifanya majaribio.

Vibuyu viwili, nimevikata midomo na matako. Juu ya tako la kila kibuyu nimewamba kipande cha kibofu cha mbuzi (yule aliyechinjwa Pentekoste, nilikiomba kabla watoto hawajakipuliza). Kikikauka kinalia kama ngoma. Tobo dogo katikati, uzi unapita, kijiti cha mtama kwa ndani kuuzuia usichomoke.

Kamba ya mgomba: kimya, kisha ikakatika. Katani: inanong'ona lakini ina manyoya, kila neno linakuja na mikwaruzo, utafikiri anaongea kuku.

Tamaa ikanipitia. Benedikto alinisimulia habari za waya wa simu kando ya reli, unavyobeba maneno hadi pwani. Kipande tu! Lakini waya wa Serikali ukiugusa ni viboko ishirini na tano. Mgongo ninao mmoja, na juu yake kuna mtoto. Hapana.

Jumatano, 7 Juni

Uzi wa pamba! Nimefumua marekani ya Benedikto, ile shuka yake ya kujifunikia. Nimesokota pajani nyuzi tatu tatu. Akirudi akiuliza, nitasema panya.

Uzi mkavu unasikika, lakini ukipata umande unalegea na kuwa bubu. Huku kwetu ukungu unashuka kabla ya ng'ombe kurudi. Uzi unataka nta. Nta anayo Kristina, mumewe ana mizinga. Nikaenda nachechemea, nikasema magaga yamenipasua visigino. Akanipa bonge zima, akanikalisha, akataka kunipaka mwenyewe. Nikamwambia nitajipaka nikilala. Akasema pole mdogo wangu, pumzika, usijitese na kilimo. Alikuwa anafurahi! Na mimi nilikuwa nafurahi.

Alhamisi, 8 Juni

Nimetandaza uzi kutoka dirishani hadi kibondeni. Umekazwa, haugusi kitu. Kibuyu cha juu nimekitundika karibu na Bibi, mbali na kitanda. Uzi na shingo ya mtoto havikai pamoja, hata kwa dakika. Nimemwambia Bibi hivyo mara nyingi mpaka akaniuliza kama yeye amezaa paka.

Nikashuka. Nikaweka sikio.

Upepo kwanza. Kisha Bibi anakohoa. Kisha, Mungu wangu, Dominiko. Ananyonya kidole na kuguna, vile anavyoguna akikaribia kulia. Mimi niko bondeni, mtoto yuko juu mlimani, na pumzi yake iko sikioni mwangu! Maziwa yakaja yenyewe, blauzi ikalowa. Nikapanda mlima mbio kabla hajafungua mdomo. Bibi akashangaa nimejuaje.

Nimepanda na kushuka hivyo kutwa. Alikuwa halii. Nilikuwa nataka kusikia tu.

Tuta: lile lile nusu.

Ijumaa, 9 Juni

Balaa. Kristina ameona uzi. Akamwendea jumbe Kibwana, akamwambia anaona kama waya wa Serikali umehamia mlimani kwetu. Eti hamsemi mtu, anasema anachoona.

Jumbe akaja mbio, macho chini akitafuta nyayo za mwizi. Uzi wangu umekatiza njia usawa wa paji la uso. Ukamvua tarbushi! Ikabingirika mpaka mtoni. Na ingekuwa shingo? Niliogopa hilo kuliko viboko.

Nikamwambia Bwana Jumbe, si waya, onja. Akauma. Akasema ni nta. Nikasema ndiyo, ya dada Kristina, amenipa kwa mkono wake. Kristina akaanza kueleza habari ya magaga, hakuna aliyemsikiliza.

Hapo kibuyu kikasema, "Nani huyo anapumua tu, hasemi?"

Jumbe akakishika kwa mikono miwili. Akajibu kwamba ni yeye, Kibwana, jumbe.

"Kibwana yupi? Sijasikia shikamoo."

Jumbe akachutama matopeni, mbele ya watu, akakiamkia kibuyu. Bibi akamwitikia marahaba, akamuuliza habari za nyumbani, za mbuzi, za mguu wa mama yake. Hakuachiliwa upesi. Alipoinuka alikuwa amesahau viboko. Akatoa amri moja tu: uzi upandishwe juu ya kichwa cha mtu aliyebeba mzigo, na ufungwe vitambaa vyekundu uonekane.

Nikasimamisha nguzo za mianzi, nikafunga uzi juu yake. Kibuyu kikafa! Sauti ikifika kwenye mwanzi inaingia humo na kukaa. Nimehangaika mpaka kizunguzungu. Kisha nikauning'iniza kwa vitanzi vya uzi mwembamba, usiguse mwanzi wenyewe. Bibi akarudi, yuko katikati ya kisa cha arusi ya mtu.

Jumamosi, 10 Juni

Kesho ni kesho. Matuta yangu yanatia aibu. Lakini nimepata akili.

Kristina hawezi kukipita kibuyu. Anajifanya anakwenda kunywa maji, anasimama, anasikiliza. Basi asubuhi nikamwomba Bibi amhadithie kwa kirefu ule ugomvi wa babu na mkwewe, bila kuruka kitu. Kristina akashika kibuyu, jembe chini. Nami nikalima! Nililima kama mtu anayefukuzwa. Nilicheka peke yangu.

Mara Kristina akakitupa kibuyu, akapanda mlima mbio, kanga inapepea. Nikadhani nyumba inaungua.

Akarudi na Dominiko mgongoni kwake, amelala fofofo. Akasema alimsikia analia mle ndani, angefanyaje? Ampitishie mama yake kibuyu wakati miguu anayo? Akaendelea kulima naye mgongoni. Anainama, mtoto kalala. Anainuka, mtoto kalala. Kwangu halali hivyo! Nikamwuliza anafanyaje. Akasema mbeleko yangu naifungia chini mno, mtoto anabembea kama kengele. Akanifunga upya, akavuta fundo mpaka nikashusha pumzi. Nikasema asante dada. Safari hii sikusema jingine moyoni.

Lakini kibonde bado nakitaka.

Jumapili, 11 Juni

Mjomba ameshuka na fimbo yake. Akatazama matuta ya Kristina: yamenyooka. Akatazama yangu: yamepinda kama njia ya nyoka, maana nililima jicho moja likiwa kwenye uzi. Akasafisha koo. Nikajua nimekwisha. Nikamwona Benedikto na mataruma yake. Nikamkumbatia mtoto.

Kibuyu kikamwita Andrea.

Mjomba hajawahi kukishika. Akakisogelea taratibu. Bibi akamwambia akisogeze mtoni, uzi usilegee, mdomo wa kibuyu uelekee maji, ausikie mto wake. Akafanya hivyo. Tukasimama wote. Maji yanapita kwenye mawe. Akakaa hivyo mpaka kibuyu kikamwita tena. Kisha akaweka sikio.

Tukakaribia, nikasikia na mimi:

"Andrea, kibonde hicho nilikilima mimi, na wewe mgongoni. Nani alikwambia nimekiacha?"

Mjomba akavua kofia. Akasema, "Shikamoo mama," kana kwamba ndiyo kwanza anakutana naye leo.

Basi kibonde ni cha Bibi. Mimi na Kristina tutalima pamoja, na mazao tutagawana sawa kwa sawa, yeye Bibi apate zake za kupikia. Nusu ya kabichi nayo ni kabichi. Jioni nimemtumia Benedikto salamu kwa mtu anayeshuka mjini: amalize mwezi wake arudi, shamba lipo. Habari ya panya nimeiacha aikute mwenyewe.

Jumatatu, 12 Juni

Sikujua nimefanya nini. Nimejitengenezea msimamizi kwa mikono yangu!

Jua halijatoka, kibuyu kinaita. Kwanza shikamoo. Kisha: mbona sisikii majembe? Yuliana, unapumzika, nasikia unavyopumua. Kristina, mwagia upande wa juu kwanza. Mkae kimya kidogo nisikilize mto. Haya, limeni. Tukinong'ona anasikia. Tukicheka anauliza nini kimechekesha. Kristina anasema hata wanyapara wa reli hupumzika saa sita.

Na anamsifu Kristina! Jembe la Kristina linalia vizuri, langu eti linakwaruza. Kutwa nzima!

Nimefikiri wakati wa kunyonyesha. Bibi anamsikia vizuri Kristina kwa sababu kibuyu kiko karibu na upande wake. Nikiunga tawi kwenye uzi mkubwa, nikalipeleka kwenye matuta yangu na kibuyu cha tatu, kile cha sasa nikakiziba kwa majani, nami nikawa nalima taratibu karibu nacho, atasikia jembe langu tu. La Kristina ataona limenyamaza. Haki bin haki.

Kibofu kitapatikana, kwa jumbe kuna arusi. Uzi upo, marekani imebaki nusu, na panya wakianza kitu huwa wanamaliza. Kilichokosekana ni nta.

Kesho asubuhi naenda kwa dada Kristina. Nitachechemea kuanzia mlangoni. Magaga yamerudi.